Kabla Mshahara Haujakoma: Mwongozo wa Kujijengea Bima ya Matibabu Masisi na Walikale

Ukiwa umevuka miaka 50, uwe unafundisha Nyabiondo, unauguza wagonjwa Mweso, unaendesha mtambo Bisie au unatunza ng'ombe wa watu katika milima ya Masisi, kuna swali linalokujia usiku: siku nikiacha kazi, nani atalipa hospitali? Mwongozo huu unajibu swali hilo kwa kushikilia jambo moja. Bima ya uzeeni haijengwi uzeeni, wala haijengwi na mtu mmoja. Inajengwa katika miaka 5 au 10 ya mwisho wa kazi, pamoja na watu wenye umri mdogo kuliko wako, na inalenga gharama kubwa zinazokuja mara chache. Anayesubiri barua ya kustaafu ndipo aanze kuulizia bei ya bima amechelewa, na kuchelewa kwake kunaweza kuonyeshwa kwa hesabu, kama utakavyoona hapa chini.

Kinachokoma siku kazi inapokoma

Anza kwa kuelewa ulichonacho sasa. Sheria ya Kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamwekea mwajiri jukumu la matibabu ya mfanyakazi wake, pamoja na mwenzi wake wa ndoa na watoto anaowatunza: kumwona daktari, dawa, upasuaji, kulazwa. Wengi hawaijui kama haki. Wanaiona kuwa wema wa mkubwa wa kazi anayewaandikia karatasi ya kwenda hospitali. Lakini haki hiyo imeshikamana na mkataba wa kazi, na mkataba ukiisha, nayo inaisha. Ndiyo maana mtu aliyetibiwa miaka 25 bila kuuliza bei hushtuka anapoona karatasi ya malipo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 61, umri ambao mwili ndio unaanza kudai.

Wengi hudhani CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, itapokea mzigo pale mwajiri alipoutua. Haitaupokea. Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 imeipa CNSS kazi tatu: pensheni, ajali na magonjwa yatokanayo na kazi, na posho za familia. Kwa upande wa pensheni, mchango ni 10% ya mshahara, 5% yako na 5% ya mwajiri, na hakuna sehemu yake inayokwenda kutibu malaria, presha au henia ya mstaafu. Ili kupata pensheni yenyewe unatakiwa kufikisha miaka 60 ya umri na miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP, ulioundwa mwaka 2015, ambao shughuli yake kuu nayo ni pensheni. Walimu wana mituweli yao ya kitaifa, yaani chama cha kuchangiana matibabu, MESP. Kabla ya kuihesabu kama kinga yako, uliza kama ina hospitali yenye mkataba karibu na mahali unapokusudia kuishi, na kama mstaafu anaendelea kuwa mwanachama.

Halafu kuna ahadi ya serikali ya matibabu kwa wote. Sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018 ilirekebishwa mwaka 2023 ili kuipa ahadi hiyo msingi, na mpango wenyewe ulizinduliwa Septemba 2023. Ulianza na akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, jambo jema na la haki, kwa sababu hao ndio wanaokufa kwa kukosa kitu kidogo. Lakini mzee mwenye sukari hakuwa katika mstari wa mbele. Ukiwa na miaka 56 leo, usipange uzee wako juu ya awamu ya mpango ambayo haijafika katika zoni yako ya afya. Ikifika, itakukuta umejipanga, na hutakuwa umepoteza chochote.

Wala usidhani kwamba mshahara utakoma tu siku utakayofikisha 60. Machi 2025 mgodi wa Bisie wa kampuni ya Alphamin ulisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi wake mapigano yalipokaribia Walikale, na ulianza kufunguliwa tena mwezi uliofuata, baada ya waasi wa M23 kuondoka Walikale-centre. Mapema mwaka huo huo Masisi-centre ilikuwa imeingia mikononi mwa M23, kisha Goma. Huku kwetu kazi inaweza kukoma ndani ya wiki moja, na matibabu yanayotegemea kazi hukoma nayo. Hiyo ni sababu ya kuanza mapema hata kwa mwenye miaka 48.

Mkulima, mfugaji, mchimbaji na mchuuzi hawana mwajiri wala CNSS. Kwao hakuna kitakachokoma, maana hakikuwapo. Kilichobaki katika mwongozo huu kinawahusu kuliko mtu mwingine yeyote.

Tenganisha gharama za namna mbili

Kosa kubwa la watu wanaoogopa gharama za matibabu ni kuziweka zote katika kapu moja. Ziko za namna mbili, na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni gharama ndogo za mara kwa mara: vidonge vya presha vya kila siku, kupima sukari, fishi ya kumwona muuguzi kwenye kituo cha afya, miwani. Hizi zinajulikana mapema, unaweza kuziandika kwenye daftari mwezi kwa mwezi, na njia bora ya kuzilipa ni akiba yako mwenyewe. Ya pili ni gharama kubwa za ghafla: henia iliyojinyonga, tezi dume iliyoziba mkojo, nyonga iliyovunjika kwenye utelezi, kiharusi, kulazwa wiki tatu. Hizi hakuna ajuaye zitampata nani na lini, na zikija huuza ng'ombe, shamba au mabati ya nyumba. Hapo ndipo bima ina kazi.

Ukilazimisha bima ilipe hata kidonge cha kichwa, mchango unapanda mpaka watu wa kipato chako wanashindwa kuulipa, halafu bima inakufa. Ukiacha gharama kubwa zilipwe na mfuko wako peke yake, ugonjwa mmoja unamaliza kazi ya miaka 30. Mgawanyo huu si nadharia ya vitabuni. Mwaka 1986, nchi hii ikiitwa bado Zaire, hospitali ya Bwamanda huko Ekwatea ilianzisha bima iliyolipia hasa matibabu ya hospitali, ikibeba 80% ya malipo na kumwachia mgonjwa 20%. Mchango wa mwaka kwa mtu mmoja ulikaribia bei ya kilo 2 za soya, na familia iliandikishwa yote kwa pamoja, katika kipindi ambacho wakulima wana pesa ya mavuno mkononi. Mwaka wa kwanza walijiunga zaidi ya robo ya watu wa zoni. Ndani ya miaka michache walipita nusu. Hawa walikuwa wakulima maskini, katika nchi ambayo sarafu yake ilikuwa inaporomoka, bila sheria ya kuwalazimisha. Kilichowavuta ni kwamba mchango uliwezekana na faida ilionekana: wanachama walilazwa kwa kiwango cha watu 49 hivi kwa kila 1000 kwa mwaka, wasio wanachama 25 hivi. Baadhi ya tofauti hiyo inatokana na wagonjwa kuvutiwa na bima kuliko wazima, ndiyo. Lakini sehemu yake ni watu ambao vinginevyo wangebaki nyumbani na maumivu yao.

Hesabu inayoamua kila kitu

Chukua kiwango hicho cha Bwamanda ukiweke katika kijiji cha kubuni, ili uone namba zinavyofanya kazi. Tuseme familia 200 zenye watu 6 kila moja zimeungana: watu 1200. Kwa kiwango cha 49 kwa 1000, watalazwa 59 kwa mwaka. Tuseme kulazwa mara moja kunagharimu kwa wastani dola 30, na mituweli inabeba 80%, yaani dola 24. Jumla ni dola 1416. Gawanya kwa familia 200: dola 7 na senti chache kwa familia kwa mwaka. Ongeza cha daftari, cha usafiri wa wanaohesabu na cha akiba ya mwaka mbaya, inafika dola 10 hivi. Hiyo ni pesa ambayo familia ya Masisi inaweza kuipata kwa mavuno ya maharagwe au viazi.

Sasa geuza. Tuseme wanaojiunga ni wazee 40 peke yao, kwa sababu vijana wamesema hawaugui, na katika hao 40 wanalazwa 8. Mara dola 24, inakuwa dola 192. Kila mzee anatakiwa kutoa karibu dola 5 kwa nafsi yake, mara 4 ya kile ambacho kila mtu alihitaji kutoa katika kundi la kwanza, kabla hata ya gharama za uendeshaji. Na mzee mmoja akihitaji upasuaji wa dola 300, mfuko umekwisha mwezi wa tatu. Hapa ndipo lilipo jibu la wale wanaolalamika kwamba bima ya wazee ni ghali mno. Ni ghali kwa sababu ni ya wazee tu. Nchi zenye nguvu ya kulazimisha zinalitatua hili kwa sheria: Kenya, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, inakata 2.75% ya mshahara wa kila mwajiriwa kwa ajili ya mfuko wake wa afya, kijana na mzee sawa. Rwanda imeieneza mituweli nchi nzima kwa familia, na tangu 2015 inasimamiwa na shirika la hifadhi ya jamii la serikali. Masisi na Walikale hakuna wa kukulazimishia vijana. Inabidi uwavute mwenyewe, na unaweza kuwavuta wakati bado una sauti: ukiwa mwalimu mkuu, kiongozi wa timu, shemasi, mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji. Ukishastaafu, sauti hiyo hupungua.

Wala huhitaji kuanzia patupu. Katika milima yetu mgonjwa hubebwa kwa machela ya kipoyi, na kila kijiji kinajua zamu ya nani kubeba. Ng'ambo ya mpaka, kusini-magharibi mwa Uganda, vikundi vya namna hiyo huitwa engozi, na hospitali ya Kisiizi ilivigeuza kuwa msingi wa bima yake mwaka 1996: kikundi kilichokuwa kikibeba wagonjwa begani kikaanza pia kubeba malipo yao. Huku kwetu kuna vikundi vya akiba na mikopo: AVEC, zenye sanduku la kufuli tatu, na MUSO, zenye masanduku matatu: la kijani la akiba na mikopo, jekundu la misaada ya ugonjwa na msiba, la buluu la pesa itokayo nje. Sanduku jekundu tayari ni bima ndogo. Linachokosa ni mkataba na hospitali, na watu wa kutosha.

Hatua za kufuata

1. Panga karatasi zako ukiwa na miaka 55, usingoje 59. Hesabu miezi yako ya michango na uilinganishe na kumbukumbu za CNSS. Dai kutoka kwa mwajiri uthibitisho wa maandishi wa kila mwaka aliolipa, na kama ulihama kazi, rudi kwa mwajiri wa zamani wakati bado yupo anayekukumbuka. Hakikisha jina na tarehe ya kuzaliwa vinafanana kwenye karti ya mpiga kura, karatasi ya CNSS, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Herufi moja iliyopotoka inaweza kusimamisha faili lako miezi mingi. Piga picha za karatasi zote, ziweke kwenye simu ya mtoto anayeishi mji mwingine.

2. Tumia haki ya mwajiri kabla haijaisha. Miaka miwili ya mwisho pima presha, sukari, macho, tezi dume kwa mwanaume, shingo ya kizazi na matiti kwa mwanamke. Kama una henia au mtoto wa jicho na daktari ameshauri upasuaji, ufanyike sasa, mwajiri akilipa. Watu huahirisha kwa kuona kwamba "bado haiumi sana", kisha huja kuulipia kutoka mfukoni miaka mitatu baadaye, na wakati huo henia ni ya dharura. Kama mahali pako pa kazi pana chama cha wafanyakazi, pelekeni hoja ya kwamba matibabu yaendelee kwa muda fulani baada ya kustaafu, na iandikwe katika makubaliano ya pamoja. Mwajiri anaweza kukataa. Asiyeombwa hakatai wala hakubali.

3. Jua bei za kwenu, usiogope bei za uvumi. Nenda katika hospitali kuu ya zoni yako. Territoire ya Masisi ina zoni za Masisi, Mweso, Kirotshe na Katoyi. Walikale ina Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Andika bei nne: kumwona daktari, kulazwa, upasuaji wa henia, na pikipiki kutoka nyumbani kwako hadi hapo. Uliza kama bei ni ya jumla kwa ugonjwa mmoja au kila kitu kinahesabiwa peke yake; ya jumla humlinda mgonjwa, kwa sababu anaijua kabla ya kuingia.

4. Weka pesa ya dawa za kila siku pembeni. Kama una presha au sukari, jua jina la dawa yenyewe na dozi yake, uliza ile isiyo na jina la kampuni, ambayo kwa kawaida ni rahisi zaidi, na uwe na akiba ya miezi 2 au 3 nyumbani, kwa sababu barabara hufungwa. Usiache vidonge vya presha kwa kuwa unajisikia vizuri: unajisikia vizuri kwa sababu unavimeza. Kuacha ili kubana pesa ndiyo njia fupi ya kufika kwenye kiharusi, na hapo akiba ya mwaka mzima huondoka kwa siku mbili.

5. Jiunge na mituweli, au lishawishi kundi lako lianzishe moja, pamoja na nyumba yako yote. Ingia ukiwa mzima, kwa sababu nyingi zina muda wa kungoja kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Lipa mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno au siku mshahara unapoingia, usiache ukawa mchango wa kila mwezi unaosahaulika. Kama hakuna mituweli karibu, chukua AVEC au MUSO mliyonayo, ungeni vikundi vitano au kumi, kisha wajumbe waende pamoja kwa daktari mkuu wa zoni na msimamizi wa hospitali kutafuta mkataba. Kikundi cha watu 25 hakiwezi kujadiliana na hospitali; familia 200 zinaweza. Sheria ya mituweli, namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017, inatoa njia ya kuzisajili, na usajili ni wa thamani siku pesa itakapogombaniwa.

6. Acha sanduku jekundu libebe safari. Walikale ina zaidi ya kilomita za mraba 23,000, karibu mara 5 ya Masisi, na bima nyingi hazilipi pikipiki wala wabebaji wa kipoyi wala chakula cha anayemlinda mgonjwa. Mtu mwenye kadi ya bima lakini hana nauli bado anafia nyumbani.

SANDUKU: Uliza haya kabla ya kutoa hata faranga moja

☐ Mnalipa asilimia ngapi, na kuna kikomo cha pesa kwa mwaka?
☐ Presha, sukari, saratani na upasuaji wa macho vimo au vimeachwa nje?
☐ Kuna umri ambao mtu hakubaliwi kujiunga, au mwanachama hutolewa?
☐ Kungoja ni miezi mingapi?
☐ Naweza kuuona mkataba na hospitali, wenye muhuri na tarehe?
☐ Pesa inatunzwa wapi, na watu wangapi hutia sahihi ili itoke?
☐ Mwaka jana mlikusanya kiasi gani, mkalipa wagonjwa kiasi gani?
☐ Nikikimbilia Goma au Bukavu, kadi yangu itafanya kazi wapi?

Asiyeweza kujibu swali la tano na la saba, usimpe pesa.

Wanaosema haifai

"Hospitali yetu ni bure, mashirika yapo." Ni kweli kwamba Madaktari Wasio na Mipaka wako katika hospitali kuu ya Masisi tangu 2007 na Mweso tangu 2008, na watu wengi wako hai leo kwa sababu hiyo. Lakini shirika la dharura huja kwa mradi, na mradi una mwisho. Kazi yake ya kwanza mara nyingi ni mtoto mwenye utapiamlo, mama anayejifungua, majeruhi wa risasi, kipindupindu. Maradhi ya uzeeni yanayodai miaka 20 ya vidonge hayakai vizuri ndani ya mradi wa mwaka mmoja. Tumia huduma ya bure iliyopo, bila aibu. Ila pesa usiyolipa leo iweke kwenye mfuko wa mituweli, kwa sababu shirika likiondoka bei hurudi.

"Watoto wangu ndio bima yangu." Wasomaji wengi wataishikilia hoja hii, na ina heshima yake. Kasoro yake ni ya hesabu ile ile: watoto watano ni kundi dogo mno. Mwezi utakaougua wewe unaweza kuwa mwezi ambao mjukuu amelazwa Goma, ada ya shule imefika na mwanao wa Rubaya hajauza kitu. Badala ya kuwaita watoto siku ya dola 300 ambazo hawana, waombe kila mmoja dola 2 au 3 kwa mwaka, mapema, za mchango wako na wa mwenzako. Ni ombi ambalo mtoto mwenye kipato kidogo anaweza kulitimiza bila kukopa, na halileti ugomvi kati ya ndugu wenye uwezo na wasio nao. Kwa hiyo watoto wanabaki kuwa bima yako, ila kupitia kundi kubwa.

"Tulichanga, pesa ikaliwa." Imetokea mahali pengi, na anayekuambia haijatokea anakudanganya. Ila angalia pesa zilizoliwa ziliwekwa vipi: kwa mtu mmoja, bila daftari linalosomwa mbele ya wote, bila mkataba. Sanduku la AVEC lina kufuli tatu na wenye funguo watatu kwa sababu watu walijifunza kutokana na wizi. Fanyeni hivyo hivyo. Wasomeeni wanachama hesabu kila miezi mitatu, kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa lugha ya kijiji.

"Sikuugua mwaka mzima, pesa yangu imepotea." Uliyebeba wenzako kwa kipoyi mwaka mzima na usibebwe, umepoteza nini? Ulinunua uhakika wa kubebwa. Wapo wanachama wanaotaka kurudishiwa mchango mwaka ukiisha salama; kundi likikubali hilo hata mara moja, limegeuka kuwa likelemba, mchezo wa kupokezana pesa, na likelemba haiwezi kulipa upasuaji.

"Vita vitatutawanya." Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, na hakuna mfumo unaolimaliza. Januari 2025 benki za Goma zilifungwa, na waliokuwa na akiba ndani yake hawakuweza kuifikia. Kutokana na hilo chukua tahadhari tatu. Pesa ya kikundi isikae mahali pamoja: sehemu kwenye sanduku, sehemu kwenye akaunti ya simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, iliyoandikishwa kwa jina linalokubaliwa na wote, na pale ambapo mtandao haufiki, kama katika vijiji vingi vya Walikale, sehemu iwe tayari imelipwa hospitali kama malipo ya mbele yenye risiti. Orodha ya wanachama iwe na nakala nje ya kijiji, kwa mtu mwaminifu. Na mnapochagua hospitali ya mkataba, pendeleeni mitandao yenye vituo sehemu nyingi, kama ile ya makanisa, ya Kikatoliki, ya CBCA au ya CEPAC, mkauliza kwa maandishi kama kadi ya Masisi itapokelewa katika kituo chao cha Goma. Kundi lililokimbia pamoja na orodha yake mkononi linaweza kuanza tena kambini. Lililokimbia bila orodha limevunjika.

Anayekaribia kustaafu huambiwa mara nyingi aweke akiba zaidi. Ni ushauri mzuri kwa vidonge na miwani. Kwa upasuaji hautoshi, kwa sababu hakuna mshahara wa mwalimu wala faida ya maziwa ya Masisi inayoweza kukusanya peke yake, kwa miaka 5, gharama ya ugonjwa ambao hujui jina lake. Ukubwa wa kundi ndio unaoifanya dola 10 ilipe dola 240, na kundi linahitaji muda wa kulikusanya, kulizoesha kusomewa hesabu, na kulifanya liaminiwe na hospitali.

Ukiwa na miaka 55 leo, na maharagwe yakivunwa mara mbili kwa mwaka, una misimu 10 kabla ya kufikisha 60. Wa kwanza katika hiyo ndio ulio mbele yako. Kabla haujafika, nenda hospitalini ukaandike zile bei nne, kisha zisome kwa sauti katika kikao kijacho cha kikundi chenu.